NI NINI KIMTUMACHO MTU KUMTENDEA MWENZIWE WEMA?

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama, Mwanga. Inachapwa hapa kama ilivyosomwa, kwa ombi la waliohudhuria na kwa faida ya wale ambao kazi iliwazuia kufika.)



Kwanza nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu. Nilipoletewa barua ya Bwana Katibu ya kuniomba nizungumze, nilidhani amekosea anwani, kwa maana katika chama hiki mimi si mkubwa wa umri wala wa cheo. Lakini barua ilikuwa na jina langu, tena limeandikwa sawasawa, nami kama karani najua ya kuwa barua iliyoandikwa sawasawa haina budi kujibiwa. Basi hili ndilo jibu langu.

Nyote mwajua kwamba mbele ya mkutano wetu iko hoja ambayo bado haijaamuliwa. Hoja yasema kwamba mwanachama asiyehudhuria maziko ya mwenziwe, au asiyekwenda kumtazama mgonjwa, atozwe faini. Tena kwamba majina ya watoao michango, pamoja na kiasi alichotoa kila mmoja, yabandikwe ubaoni. Wako waiungao mkono kwa nguvu, na wako waipingao kwa nguvu ile ile, hata mwezi uliopita baadhi yetu tuliondoka hapa bila kupeana mikono. Jambo hili si dogo. Chama kilichoundwa ili watu wafarijiane kikianza kugombana juu ya namna ya kufarijiana, kitavunjika kwa sababu ile ile iliyokijenga.

Kwa hiyo nimeona kwamba kabla ya kupiga kura yafaa tuulize swali lililo chini ya hoja yenyewe, nalo ni hili: ni nini kimtumacho mtu kumtendea mwenziwe wema? Maana tusipojua maji yatoka wapi, twaweza kuchimba mfereji mzuri sana mahali pasipo na chemchemi.

MFANO WA NYUMBANI

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta pa kuanzia. Milima yetu ya Upare, toka Ugweno na Usangi hapa kaskazini hata Gonja na Mamba huko kusini katika wilaya ya Same, ina mifano miwili iliyo mikongwe kuliko ofisi zote tunazofanyia kazi.

Wa kwanza ni msaragambo. Kila Mpare aliye hapa aujua, lakini kwa ajili ya wenzetu waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine nitaueleza kwa maneno machache. Ni kazi ya watu wote. Baragumu hulia, au mpiga mbiu hupita, na kila nyumba hutoa mtu na jembe lake kwenda kutengeneza njia, kusafisha mfereji, au kuinua kuta za shule. Hapana mshahara, na kwa kawaida hapana shukrani, kwa kuwa hakuna wa kumshukuru mwenziwe: wote wamekuja. Waswahili husema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kwetu milimani jambo lenyewe mara nyingi ni maji.

Ndipo tufikapo kwenye mfano wa pili, ndiva. Vijito vya milima yetu ni vidogo. Maji yake yakiachwa yatiririke mferejini usiku na mchana, hunywewa na ardhi njiani, nayo mashamba ya mwisho hayapati kitu. Kwa hiyo watu wa kale walichimba mabwawa madogo katika miteremko na kuyafanyia kingo za udongo na mawe. Usiku maji hukusanywa humo. Asubuhi tundu lake huzibuliwa, na maji hutoka kwa wingi na kwa nguvu hata yafike shamba la mbali. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Tope likijaa, wenye zamu wote huitwa kulizoa. Asiyekuja hutozwa faini, au hukosa zamu yake. Ndiva nyingi zilikuwa za koo zilizozichimba, na mtu wa ukoo mwingine aliyetaka maji alikwenda kwa wazee kuyaomba. Baadhi zimejengwa upya kwa saruji, lakini tope halijui saruji. Kila mwaka huingia, na kila mwaka hapana budi watu waingie nalo.

Mimi mwenyewe nilipokuwa likizoni nalipata kuzoa tope katika ndiva moja ya kwetu. Kwa kuwa kalamu imenizoeza kuuliza watu maswali, nikawauliza wanne waliokuwa karibu nami, ni kwa sababu gani wamekuja.

Wa kwanza, kijana mwenye shamba la mahindi, alinijibu, “Mahindi yangu yanakauka.” Wa pili akasema, “Nisipokuja nitatozwa.” Wa tatu alicheka, akasema, “Nikikaa nyumbani, jioni nitapitaje mbele za watu?” Hawa watatu walinipa sababu tatu ambazo kila mtu azifahamu: faida, hofu na aibu. Wala sizidharau. Sehemu kubwa ya kazi njema katika dunia imefanywa kwa sababu hizo tatu, na ndiva hujazwa na maji bila kuuliza mzoaji tope alikuwa na moyo gani.

Wa nne alikuwa mzee. Alikuwa akipokea karai kwa mikono inayotetemeka na kumpa aliyemfuata. Nalijua kwamba mzee huyo hana tena shamba chini ya ndiva ile. Aliliuza mkewe alipougua. Hakuwa na zamu ya kunyang’anywa, wala hakuna mtu ambaye angemtoza faini, na kwa umri wake hakuna ambaye angemcheka kwa kubaki nyumbani. Nikamwuliza, “Mzee wangu, wewe maji haya hayakunyweshei kitu siku hizi, mbona umekuja?” Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake na mwanawe mwenyewe. Akasema, “Mimi nilizaliwa nikayakuta.”

Hakuongeza neno.

Bwana Mwenyekiti, jibu hilo limekaa nami muda mrefu. Nilizaliwa nikayakuta. Maana yake, aliyechimba hakunijua, wala mimi sikumjua. Alikunywa kidogo, akafa, nami nikanywa kwa wingi. Deni hilo siwezi kumlipa mwenyewe, kwa kuwa hayupo. Basi nimlipe nani, ila yule atakayezaliwa ayakute?

Najua ya kuwa wako kati yetu watakaosema, “Ndugu karani, mzee yule alifuata makande yaliyopikwa kwa ajili ya wafanya kazi, na maongezi ya wenziwe.” Yamkini. Makande yalikuwapo, tena yalikuwa mazuri. Sidai kwamba moyo wa mtu una chemchemi moja tu. Hata kijito chetu kikubwa, ukikifuata mpaka juu, utaona kimekutana na vijito vitatu vinne njiani. Lakini nasema hivi: makande peke yake hayatoshi kumtoa mzee nyumbani asubuhi ya baridi aingie topeni.

KISA KILICHONIPATA MIMI MWENYEWE

Sasa sina budi kusimulia kisa ambacho naona haya kukisimulia. Nakisimulia kwa sababu mtu azungumzaye habari za wema bila kutaja kosa lake mwenyewe, wasikilizaji humwekea shaka, nao wana haki.

Miaka kadha iliyopita, katika ofisi moja nisiyoitaja, nalikaa kwenye meza ya kupokea watu. Siku hiyo tulikuwa tukiwangojea wakaguzi wa hesabu, na mbele yangu majalada yalikuwa yamepangwa kama ukuta. Ilikuwa siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri. Akaja bibi mmoja kutoka milimani, ameshika karatasi iliyofungwa ndani ya kitambaa. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitikia, “Marahaba, mwanangu.” Kisha akanieleza shida yake. Katika cheti cha marehemu mumewe herufi moja ya jina ilikuwa imekosewa, na kwa ajili ya herufi hiyo moja alikuwa hapati haki iliyokuwa yake. Amekwisha kuambiwa kwamba ofisi yetu yaweza kusahihisha.

Ofisi yetu iliweza. Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Nikayatazama majalada, nikaitazama saa, nikasema, “Bibi, leo tuna kazi nyingi. Rudi Jumatatu.”

Akaifunga karatasi yake tena kitambaani, polepole. Akasema, “Haya, mwanangu. Mungu akubariki.” Baraka hiyo, ndugu zangu, ilinichoma baadaye kuliko tusi.

Jioni nilipopita penye kituo cha magari nilimwona. Gari la mwisho la kupanda mlimani lilikuwa limekwisha ondoka. Alikuwa ameketi katika banda la mama mmoja auzaye chakula, na mbele yake pana sahani. Nikamwita yule mama kando, nikamwuliza kama yule bibi ni jamaa yake. Akasema hamjui, amemwona tu jioni hii ameketi ukutani peke yake. Atampeleka kwake alale na watoto, na asubuhi atampandisha gari. Nikamwuliza tena, kama nilivyomwuliza mzee wa ndiva, kwa nini afanya hivyo. Akaniangalia kwa mshangao, akajibu kwa kuniuliza: “Ningemwacha wapi?”

Mimi nina elimu ya sekondari niliyoipata kwa wamisheni, ambako kila Jumapili tulifundishwa habari ya mtu aliyeanguka mikononi mwa wanyang’anyi. Tena mimi hulipwa mshahara kila mwezi ili niwasaidie watu kama yule bibi. Mama yule hakulipwa na mtu, na sahani ile ilikuwa sehemu ya faida yake ya siku. Basi tofauti yetu ilikuwa nini? Je, yeye alikuwa na moyo mwema, na mimi nalikuwa na moyo mbaya? Usiku ule nalidhani hivyo. Siku hizi sidhani tena hivyo, wala sisemi haya ili kujitetea. Nasema kwa kuwa nadhani sababu ya kweli yafaa zaidi kujulikana.

Asubuhi ya Ijumaa nalikwenda ofisini kabla ya saa ya kazi, yule bibi akaja pamoja na yule mama, nami nikaisahihisha ile herufi. Nilitazama saa. Kazi ilichukua dakika 25. Bibi akatoa kikapuni maparachichi mawili, akayaweka juu ya majalada ya wakaguzi. Nikashindwa kuyapokea, nikashindwa kuyakataa; yule mama akacheka, akayachukua.

MAMBO MAWILI WALIYOYAGUNDUA WENGINE

Baadaye, katika kusoma kwangu, nalikuta majaribio mawili yaliyofanywa na wataalamu wa nchi za mbali. Nimeyaleta hapa kwa sababu yanagusa hoja yetu moja kwa moja.

La kwanza lilifanywa Marekani, katika chuo cha kuwafundisha wachungaji huko Princeton, na habari zake zilitolewa mwaka 1973 na John Darley na Daniel Batson, wataalamu wa elimu ya nafsi na tabia za watu. Waliwachukua wanafunzi 40, wakawatuma mmoja mmoja kutoka jengo moja kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao waliambiwa wahutubu juu ya Msamaria Mwema mwenyewe. Njiani, katika kichochoro, aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua. Wanafunzi wengine waliambiwa, “Umekwisha chelewa, fanya haraka.” Wengine waliambiwa wangali na nafasi.

Matokeo yake ni haya. Katika wale waliokuwa na nafasi, 63 katika kila 100 walisimama wakasaidia. Katika wale waliohimizwa sana, walikuwa 10 tu katika kila 100. Tena kule kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuonekana kuleta tofauti kubwa. Wako waliompita mgonjwa wakikimbilia kwenda kusema ya kuwa si vema kumpita mgonjwa.

Nilipoyasoma hayo nalijiona. Sikumnyima yule bibi kwa sababu namchukia, wala kwa sababu sikujua mema. Nilimnyima kwa sababu nalikuwa nimetazama saa badala ya kumtazama uso. Mama wa bandani aliketi. Alikuwa na nafasi ya kuona. Aliyeona hahitaji sababu nyingine, na ndiyo maana hakuweza kunipa sababu. Ningemwacha wapi? Huruma ni jicho kwanza, kisha ni mkono.

Jaribio la pili lilifanywa Haifa, katika nchi ya Israeli, na habari zake zilitolewa mwaka 2000 na Uri Gneezy na Aldo Rustichini. Walichagua vituo 10 vya kulelea watoto. Wazazi wengine walikuwa na desturi ya kuchelewa kuwachukua watoto wao jioni, hata walezi wakalazimika kungoja. Basi katika vituo 6 iliwekwa faini kwa kila achelewaye, na katika vingine mambo yakaachwa kama yalivyokuwa. Wote tungetazamia ya kuwa wachelewaji watapungua. Walakini waliongezeka, hata wakakaribia kuwa mara mbili ya walivyokuwa kwanza. Na faini ilipofutwa, hawakurudi katika hali yao ya zamani; waliendelea kuchelewa.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Kabla ya faini, mzazi aliyechelewa alijisemea, “Mlezi maskini ananingoja, nimemkosea.” Baada ya faini alijisemea, “Nimelipa.” Kilichokuwa kosa kilikuwa sasa kimepewa bei, na mtu aliyelipa bei hana haya.

Sasa, ndugu zangu, wekeni badala ya mlezi wa watoto mjane wa mwenzetu, ameketi chini juu ya mkeka siku ya maziko. Mwanachama asiyetaka safari ya kupanda Usangi au Ugweno siku ya mvua atauliza, “Faini ni kiasi gani?” Ataambiwa. Atalinganisha na nauli, ataona faini ni nafuu, atailipa kwa moyo mweupe, na jioni atalala vizuri. Je, tutakuwa tumemwadhibu au tutakuwa tumemwuzia ruhusa?

MBONA NDIVA INA FAINI?

Hapa natazamia swali kutoka kwa Bwana Mweka Hazina, ambaye naona amekwisha inua kalamu. Atasema, “Wewe mwenyewe umetuambia kwamba ndiva ina faini, nayo imedumu tangu wazee. Mbona faini haikuiharibu?”

Swali ni zuri, nami nimelifikiri sana. Jibu langu ni kwamba ndiva ni kitu cha shirika. Kila azoaye tope atakunywesha shamba lake, na asiyezoa akanyweshea amewaibia wenziwe. Faini pale ni haki kati ya watu wanaochota kwenye chombo kimoja. Haimwambii mtu awe na huruma, yamwambia tu asile jasho la mwenziwe. Tena haiendi peke yake. Pamoja na faini iko zamu ambayo mtu aweza kuikosa, na wako wazee watakaofika mlangoni kwake kumwuliza kama ni mzima.

Lakini kumtazama mgonjwa si maji ya zamu. Mfiwa hagawi kitu. Pale hakuna alichokula mtu cha kumdai. Faini yaweza kuileta mikono, walakini haiwezi kuuleta moyo. Na kwenye kilio mikono ni michache tuihitajiyo, tunahitaji zaidi uso wa mtu. Yule kijana wa mahindi faini yamfaa. Yule mzee, hakuna faini duniani ingemleta, na mngemwekea faini mngemtukana.

Msaragambo wenyewe watufundisha jambo hilo. Katika nyakati mbalimbali, kabla ya Uhuru wa 1961 na hata baada yake, wenye amri walipoona kwamba watu hufanya kazi bila mshahara, walitamani kuutumia kwa kazi ambazo watu hawakuzichagua. Ndipo baragumu lilipolia watu wakakumbuka kuwa wana wagonjwa nyumbani. Lakini watu hao hao, walipoiona haja kwa macho yao, hawakusukumwa na mtu. Katika miaka ya 1980, wananchi wa mkoa huu wa Kilimanjaro walijenga shule nyingi za sekondari kwa michango yao na kwa mikono yao, kwa sababu waliona watoto wao wamemaliza darasa la saba nao hawana pa kwenda. Wengi tulio hapa tumesoma, au tumesomesha, katika kuta ambazo mawe yake yalibebwa kichwani na akina mama.

HABARI YA UBAO

Nimebakiwa na neno juu ya ubao na kiasi cha kila mtoaji.

Nitaungama tena. Siku moja, katika harambee ya ukarabati wa zahanati, nalikuwa nimeweka fedha fulani mfukoni kwa ajili ya kutoa. Mwenye kusoma majina aliposoma jina la karani mwenzangu na kiasi chake, nikatia mkono mfuko wa pili. Zahanati ilipata zaidi kwa sababu ya majivuno yangu. Hilo ni kweli, wala sitalificha. Kwa hiyo siwezi kusema ya kuwa sifa haina nguvu. Ina nguvu sana. Lakini nalitazama pia pembeni, nikamwona mzee mmoja mlinzi wa usiku, aliyekuwa ameshika noti yake moja mkononi. Baada ya makarani wawili kusomwa, aliikunja, akairudisha mfukoni, akaondoka. Faida ya majivuno yangu iliandikwa kitabuni. Hasara yake haikuandikwa popote.

Sisi Wapare hasa tungepaswa kulielewa jambo hili. Wazee wetu walipata kuwekewa kodi iliyopewa jina la mbiru, iliyotoza kila mtu kadiri mali yake ilivyokadiriwa na wakubwa. Hawakuikubali namna ile ya kuhesabiwa. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka Same kuipinga, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakainuka, hata mwisho serikali ya kikoloni ikaiacha. Hawakuwa wachoyo hao. Ni watu wale wale wa msaragambo na ndiva. Je, sisi wajukuu wao tubandike ubaoni hesabu ya mifuko yetu?

Na dini zetu mbili, ingawa hazikubaliani katika mengi, zapatana kabisa katika hili, kwamba sadaka bora ni ile isiyopigiwa tarumbeta.

NINAYOYAPENDEKEZA

Basi, Bwana Mwenyekiti, ili nisionekane kama mtu abomoaye nyumba asijenge hata kibanda, naweka mbele ya mkutano mambo manne.

Kwanza, ada ya kila mwezi ya mfuko wa msaada ibaki, na achelewaye kuilipa atozwe. Mfuko ni ndiva yetu. Kila mmoja atachota humo siku yake.

Pili, faini ya kutohudhuria maziko na kutomtazama mgonjwa ifutwe katika hoja. Badala yake, mwanachama asiyeonekana mara mbili, wanachama wawili waende kwake nyumbani wamjulie hali. Yamkini ni mvivu, atatahayari. Yamkini naye ni mgonjwa, au hana nauli, na sisi tulikuwa tayari kumtoza faini mtu aliyehitaji kutembelewa.

Tatu, majina ya watoao yaandikwe kitabuni kwa ajili ya hesabu, na yasomwe mara moja kwa mwaka yote pamoja, kwa alfabeti, bila kiasi.

Nne, na hili ni la kila mmoja wetu katika meza yake: watu watokao milimani wahudumiwe kwanza, kabla ya adhuhuri, ili wawahi magari ya kurudi. Hili halihitaji fedha wala kura. Lahitaji tu tuinue macho kutoka kwenye jalada.

Ndugu zangu, vyama vya namna hii si vya jana. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenziwe walianzisha huko Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ambamo Wakristo na Waislamu, na watu wa makabila mbalimbali, walikaa pamoja kama watu wa kazi moja. Hawakutujua sisi. Wengi wao majina yao hayakumbukwi na mtu. Leo sisi tunakutana, tunagombana juu ya faini, na kupatana tena, kana kwamba desturi ya watumishi kukutana imekuwapo siku zote.

Tulizaliwa tukayakuta.

Mniwie radhi kwa mahali nilipowachosha. Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti.